Mabega Yangu Si Bangi

Mimi ni mama wa heshima. Kanisani nakaa kiti cha mbele, kwenye chama mimi ndiye mweka hazina, na mtaani hata vijana wa bodaboda wakiniona wanapunguza redio. Leo asubuhi nimezuiwa mlangoni mwa ofisi moja ya umma hapa katikati ya jiji la Nairobi kwa kosa la kuwa na mabega.

Mabega, jamani. Haya haya yaliyobeba mitungi tangu mifereji ya mtaa wetu wa Umoja ianze kukohoa hewa. Hayajawahi kumtongoza mtu. Ni hili jua la Februari lililonifanya nivae blauzi isiyo na mikono, tena ya kitambaa kizito, ya kuendea harusi.

Soja akaniangalia juu, akaniangalia chini, akanyoosha kidole kwenye bango. Sketi fupi, hapana. Nguo ya kubana, hapana. Mikono wazi, hapana. Slipa, hapana. Wanaume walikuwa wameandikiwa kofia tu, wavue.

"Mama, hivyo huingii. Hii ni ofisi ya watu."

Na huyu anayeniambia hayo, shati lake la sare limekosa kifungo cha pale katikati, kitambi kimejitokeza kuona wageni, na kitovu kimenikodolea macho. Sikujua nijibizane na mdomo au na kitovu.

Nyuma yangu akaja mzee mmoja akifunga zipu. Alikuwa anatoka ukutani, pale palipoandikwa kwa rangi nyekundu USIKOJOE HAPA, na choo cha kulipia kiko hapo karibu, shilingi 10. Akapangusa vidole kwenye suruali, akanitazama, akatingisha kichwa kwa huzuni kubwa. "Na umri huo, mama? Wasichana wetu watajifunza nini kwako?"

Soja akamfungulia. "Karibu mzee." Wakapeana mkono. Ule ule.

Kumbe ng'ambo ya barabara kuna kijana anakodisha leso. Soja alinielekeza kwake kwa kidevu, na hapo nikajua wanagawana. Leso ni shilingi 50, na unaacha kitambulisho. Haya. Akanitolea moja imeandikwa "Japo sipati tamaa sikati". Nikajitanda, nikapita, nikapanga foleni na hayo maandishi mgongoni, mpaka nikafika dirishani.

"Kitambulisho?"

Nikarudi nje. Kijana akasema, "Mathe, leta leso kwanza, ndiyo nikupe." Nikirudisha leso, soja haniruhusu. Nisiporudisha, sina kitambulisho, na bila kitambulisho yule wa dirishani hanijui, ingawa mabega yangu jengo zima limeshayajadili. Nikampa kijana simu yangu ashike kama dhamana. Akaigeuza, akaona kioo kilivyopasuka, akanirudishia kwa upole ulioniuma kuliko matusi. Mwishowe tukaafikiana viatu.

Basi nikaingia ofisi ya watu pekupeku, vidole vya miguu vikipunga hewa. Soja akasogea kando na kuniita madam. Nikasoma tena lile bango. Slipa zimekatazwa. Miguu mitupu haikuandikwa.

Dirishani nikaambiwa sistimu imeenda.

Hapo heshima yote ikanitoka. Mji huu naujua. Vijana wa kuosha magari wako vifua wazi kutwa, wasukuma mikokoteni wa soko la Gikomba vivyo hivyo, na hakuna anayewauliza wadogo zao watajifunza nini. Jirani yangu wa ghorofa ya pili hunywa chai kwenye roshani akiwa na taulo, na lile taulo na fundo lake hawasikilizani tangu zamani. Makanga aliyenileta mjini suruali ilikuwa imeshuka mapajani, chupi nje inajitangaza, na bado alipata pumzi ya kumsonya dada wa watu aliyepanda na sketi ya magotini.

Na hayo ya makanga si ya kucheka sana. Mwaka 2014 mwanamke alivuliwa nguo stejini hapa hapa mjini, mchana, wengine wakirekodi kwa simu, ati amevaa vibaya. Yaani ukionyesha mwili kidogo, adhabu ni wakuonyeshe wote. Ni hesabu ya shule gani hiyo? Novemba hiyo wanawake wakaandamana kutoka Uhuru Park, na mwaka haujaisha sheria ikapita: ukimvua mtu nguo kwa nguvu, kifungo si chini ya miaka 10. Sheria iko, nashukuru. Lakini nikipita stejini jioni bado navuta sketi. Ndefu, ya magoti, zote navuta. Binti yangu naye anavuta, na mimi sikumfundisha.

Na kunyonyesha? Mwaka 2018 akina mama waliandamana tena Nairobi baada ya mwenzao kusema amesumbuliwa mkahawani kwa kumpa mtoto titi. Meza ya pili, nina hakika, alikuwepo baba aliyeshiba kuku, amefungua mkanda, fulana imepanda, anachokoa meno. Huyo huletewa maji ya kunawa.

Tena wanajua wenyewe. Mwaka 1992, hapo hapo Uhuru Park, akina mama waliokuwa wakidai wana wao, wafungwa wa kisiasa, walipigwa na polisi wakiwa pamoja na Wangari Maathai. Baadhi yao wakavua nguo mbele ya hao polisi. Mama wa rika la mama yako akikuvulia, hiyo ni laana, na kila kijana mwenye rungu aliijua. Siku hiyo sikusikia soja aliyewatuma wakakodi leso.

Viatu nilivirudishiwa, kimoja kikiwa na tope, sijui kilikuwa kimeenda wapi. Ofisini wamesema nirudi kesho. Kwa hiyo nimempitia fundi wa karibu na steji anitilie mikono ile blauzi. Fundi yuko kwenye cherehani amevaa singlendi, makwapa yanapigwa upepo, ananipima mabega kwa utepe huku ananiambia akina mama wa siku hizi tunapenda kuacha mikono wazi. Shilingi 400 mikono yote miwili. Nikamuuliza mmoja ni ngapi. Akasema mmoja ni 300.

Nimeacha 200 ya kuanzia. Amesema Ijumaa. Ijumaa ipi, hakusema.