Tripodi ya kupandia mlima: bora ifupike kuliko ikonde

Kwenye Mlima Meru, safari ya kileleni huanza usiku. Unaamshwa baada ya usingizi wa mang'amung'amu, unakunywa chai na biskuti, unavaa kila nguo ya joto uliyonayo, kisha unamfuata askari wa hifadhi gizani. Wagumu waliokubebea mizigo tangu geti la Momella wamelala kwenye vibanda vya Saddle, mita 3,570 juu ya usawa wa bahari, na wana haki ya kulala. Kuanzia hapo hadi kileleni, mita 4,566, vyote unavyovihitaji viko mgongoni mwako mwenyewe: maji, koti, kamera na tripodi, yaani stendi ya miguu mitatu ya kusimamishia kamera.

Naanza na saa hizo kwa sababu mabishano mengi kuhusu tripodi za safari huzisahau. Tunapima uzito dukani, mkono mmoja, tumbo limeshiba. Halafu tunakuja kuulipia saa kumi alfajiri, kwenye ukingo wa mlima, pumzi zikikatika.

Wapo wapiga picha wa mandhari wanaosema tripodi nyepesi ni pesa iliyotupwa. Siwezi kuwapuuza, maana yalinikuta. Safari yangu ya kwanza nilipanda na tripodi ya kilo moja hivi, ya miguu yenye vipande vitano, ambayo ikikunjwa inaingia kwenye begi dogo. Nilifika Rhino Point, kwenye njia ya kutoka Saddle kwenda kileleni, kungali giza. Upande wa mashariki Kilimanjaro ilikuwa imesimama kama kivuli, nyuma yake mstari mwembamba wa rangi ya chungwa. Nikavuta miguu yote hadi mwisho, nikainua na nguzo ya kati, ile fimbo inayobeba kamera, ili ifike usawa wa macho, nikafungua shata, pazia la kuingiza mwanga, kwa sekunde 20. Kwenye kioo kidogo cha kamera picha ilionekana safi kabisa. Nyumbani, kwenye kompyuta, ukingo wa Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ulikuwa na mistari miwili, na kila nyota ilikuwa na kamkia kalikoruka upande ule ule. Upepo ulikuwa umeitikisa tripodi mara moja tu, labda kwa sekunde mbili. Zilitosha.

Sababu yake ni ya kifizikia. Mguu wa tripodi ni bomba, na bomba la ukuta mwembamba hupata ugumu wa kutopinda kwa kasi kubwa kadiri kipenyo kinavyoongezeka: ukiongeza kipenyo mara mbili na kuuacha ukuta ulivyo, ugumu huo unaongezeka karibu mara nane. Hesabu hiyo hiyo inakuumiza ukirudi nyuma. Kila kipande cha mguu lazima kiingie ndani ya kilichokitangulia, kwa hiyo mguu wa vipande vitano unaishia na kipande chembamba kama kidole. Hicho ndicho kinachogusa ardhi. Nguzo ya kati nayo, ukiiinua, umeacha miguu mitatu na kuiweka kamera juu ya fimbo moja.

Upande wa pili, wa wanaotaka tripodi nyepesi, nao una haki yake, na kwa aliyewahi kupanda mlima haki hiyo ni nzito. Tripodi imara ya kilo mbili na nusu, pamoja na kichwa chake kinachoshika kamera, haipandi peke yake. Inapunguza maji, au inapunguza nguo, au inampa mgumu mzigo wa ziada. Kilimanjaro mwongozo unaofahamika ni kwamba mzigo wa mgumu usizidi kilo 20. Sioni uungwana wa kumjazia mtu mzigo ili mimi nipate picha. Na hata ukimlipa vizuri, nimeshasema, usiku wa kileleni hayuko nawe. Niliwahi kwenda na mwenzangu mwenye tripodi nzuri sana, ya kupigia picha studio. Aliiacha Saddle. Alipiga alfajiri nzima kwa mikono inayotetemeka kwa baridi.

Wengi hapo hukimbilia jibu la pesa: nunua ya nyuzi za kaboni. Kaboni ni nyepesi kuliko alumini kwa ugumu ule ule, hutuliza mtikisiko upesi zaidi, na haiumizi vidole kwenye baridi kama chuma. Lakini tuitazame hesabu. Kampuni ya Peak Design walipotoa tripodi yao ya safari mwaka 2019, ya alumini ilikuwa na kilo 1.56 na bei ya dola 350 hivi; ya kaboni kilo 1.27, dola 600 hivi. Zinalingana urefu na zinakunjika sawa. Maana yake ni kwamba kwa dola 250 unanunua gramu 290. Hizo ni pungufu ya chupa ya maji ya nusu lita. Kwa anayeishi kwa kazi ya picha na kupanda kila msimu, sawa. Kwa anayepanda mara moja kwa mwaka, dola 250 ni sehemu nzuri ya gharama ya safari nyingine, na safari nyingine itamletea picha zaidi kuliko gramu 290. Tena kaboni ikigongwa vibaya kwenye jiwe huweza kupata ufa, ilhali alumini hubonyea na mara nyingi ukarudi nayo nyumbani ikifanya kazi.

Mimi naona wanaobishana wanapunguza mahali pasipofaa. Tunataka tripodi nyepesi, fupi begani, na bado ifike usawa wa macho. Watengenezaji wanatupa yote matatu kwa kukondesha miguu. Punguza urefu badala yake. Chukua yenye vipande vitatu au vinne, miguu minene, isiyo na nguzo ya kati au yenye nguzo unayoweza kuing'oa, hata kama kamera itaishia kifuani au kiunoni. Kwenye mlima wazi, juu ya mstari wa miti, hakuna uzio wala kichaka cha kuvuka kwa macho. Piga goti. Picha nyingi za mandhari hupendeza zaidi kamera ikiwa chini, mawe na majani ya mbele yakapata ukubwa wake, na upepo wa huko chini ni hafifu kuliko wa kichwani. Begi likitundikwa kwenye ndoano ya katikati husaidia, mradi liguse ardhi kidogo. Likining'inia hewani hugeuka bembea na kuzidisha mtikisiko.

Kuna wanaosema tuache tripodi kabisa, kwa kuwa kamera za siku hizi zinatuliza mtikisiko zenyewe. Mchana wamesema kweli. Hata maporomoko ya Materuni, karibu na Moshi, unaweza kuyapiga kwa nusu sekunde ukiegemea mwamba, maji yakatoka laini kama pamba. Nyota ni habari nyingine: kwa lenzi ya milimita 20 unahitaji hadi sekunde 25, na hakuna mkono wa kungoja hivyo. Kama hupigi usiku wala alfajiri, beba kifuko cha maharage cha kulazia kamera juu ya jiwe, na ufurahie wepesi wa begi.

Msituni, chini ya vibanda vya Miriakamba kwenye njia ya Meru, majani ni marefu na ushauri wangu wa kupiga goti unakosa nguvu. Vilevile kwa mwenye lenzi ndefu: ya milimita 200 huonyesha kila mtetemo, na hapo gramu mia tatu nne za unene zina thamani.

Ukienda dukani, usiishie kusoma uzito kwenye boksi. Fungua miguu yote hadi kipande cha mwisho, ukiwa umevaa glovu. Funga kamera yako na lenzi yako. Kuza picha kwenye kioo mara kumi, gonga mguu mmoja kwa kidole, kisha hesabu inachukua muda gani mpaka picha itulie. Halafu punguza urefu, ingiza kile kipande cha mwisho ndani, na ugonge tena.