Mshenga Anayenuka Kicheche

Mimi ni mtoto wa Urambo. Nalisema mapema ili msomaji asije akadhani nilikurupuka. Sisi watu wa Tabora tumesomeshwa kwa tumbaku, na likizo zetu tumezimalizia banini, yaani kwenye vibanda vya kukaushia tumbaku, tukichochea moto usiku kucha wakati wenzetu wa mjini wanaangalia mpira. Kwa hiyo Kanada ilipohalalisha bangi tarehe 17 Oktoba 2018, na Ontario, jimbo ninaloishi, ikakubali kila kaya ipande miche minne (Québec, jirani zetu, wao walikataa katakata), mimi sikuwaza moshi. Niliwaza ukaushaji. Jani ni jani, nikajisemea.

Ujasiri wenyewe ulichelewa kuja. Mtu aliyekulia Tanzania, ambako sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2015 haina utani na mwenye shamba wala mwenye mche mmoja, hawezi kumwagilia bangi nyuma ya nyumba bila kugeuka kila gari likipita. Lakini kazi ya ghalani usiku ilikuwa imeninyang'anya usingizi, vidonge vinanipa ndoto za kukimbizwa na ng'ombe, na bei ya dukani nilikuwa naiona ni ya kifisadi. Mke wangu, ambaye ni nesi, akatoa masharti matatu: isionekane kutoka barabarani, isitajwe kwenye kundi la WhatsApp la Watanzania wa Hamilton, na isinuke ndani ya nyumba.

Mawili niliyatimiza.

Mwanzoni mwa Oktoba maua yalikuwa tayari. Ukiyatazama kwa lenzi unaona vinywele vidogo vyenye vitone vya utomvu kichwani. Vikiwa angavu, bado; vikigeuka rangi ya maziwa na vichache vikaanza kuwa kaharabu, unakata. Nikakata, nikaning'iniza matawi kichwa chini kwenye kabati la besimenti, feni ndogo ikipuliza ukutani na si kwenye maua. Hapo ndipo wengi wa kwetu wangekosea. Bani la tumbaku ya mvuke, ile inayokaushwa kwa hewa ya moto, mwishoni hufikishwa nyuzi 70, na bangi ukiipeleka huko unafukuza harufu na ladha yote, unabaki na nyasi. Yenyewe inataka nyuzi 15 hadi 21, unyevu wa hewa asilimia 50 hadi 60, na subira ya wiki moja au mbili, mpaka kijiti ukikikunja kivunjike badala ya kupinda.

Haya yote niliyafuata. Kilichoniangusha ni hali ya hewa. Baridi ilishuka ghafla, hita ya nyumba ikawaka yenyewe, na bomba lake la hewa moto limepita nyuma ya lile kabati. Haukupita muda maua yakawa yanalia kakra kakra mkononi. Nikafurahi. Nikayapogoa, nikayapanga kwenye chupa za kioo za mdomo mpana, zile za achari, robo tatu kila moja, na ndani ya kila chupa nikatumbukiza kipima unyevu kidogo cha duara.

Kwa wasiojua: kukausha ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuivisha ndani ya chupa. Unyevu uliojificha katikati ya ua unatoka taratibu kuja nje, rangi ya kijani inapungua ukali, ile harufu ya nyasi mbichi inaondoka, na moshi unaacha kukwaruza koo. Kipimo kinatakiwa kisimame kati ya asilimia 58 na 62. Kikizidi hapo sana, ukungu unakaribishwa. Ndiyo maana wiki za mwanzo chupa zinacheulishwa kila siku: unafungua kifuniko, unaacha hewa mbaya itoke, unafunga.

Zangu zilisoma 71. Nje kakra kakra, ndani mlenda. Ikabidi nizicheulishe kutwa kucha, vifuniko wazi, humo humo kabatini, mlango umefungwa ili kulinda lile sharti la tatu.

Sasa ndipo mpwa wangu akaamua kuoa.

Binti ni wa Mississauga, familia yake ni watu wa Songea, watu wa heshima zao, na mpwa hana baba. Mshenga nikawa mimi. Barua ya posa iliandikwa kwa mkono mzuri wa mke wangu, bahasha ikatiwa kishika uchumba, na suti yangu ya sufu, ya bluu, ya harusi na misiba, ikapelekwa kwa dobi. Mke wangu ndiye aliyeichukua akitoka zamu. Kabati la juu lilikuwa limejaa makoti ya baridi, na yeye alishaambiwa kwamba matawi yameondolewa besimenti. Chupa zilizokuwa rafu ya chini kabisa hakuziona gizani. Akaitundika humo. Tena akaivua nailoni ya dobi, maana alishawahi kusoma mahali kwamba suti ya sufu inataka kupumua.

Ikapumua siku nne mfululizo.

Pua ya binadamu ni kiungo kivivu. Ukikaa na harufu, inaacha kukuarifu. Jumamosi ya posa nilivaa, nikajitazama kiooni, nikajiona balozi. Mpwa, ambaye anaishi nasi, ndiye aliyeendesha. Tulipoingia barabara kuu akateremsha dirisha, mwezi wa Novemba huo.

"Unasikia joto, baba?" nikamwuliza.

"Kidogo, Mjomba."

Alikuwa anatetemeka midomo. Malezi mazuri yana hasara zake.

Mwoaji hana ruhusa ya kuingia, akabaki garini. Mimi na mzee mmoja wa jumuiya yetu, ambaye kwa bahati alikuwa na mafua, tukapiga hodi. Tukakaribishwa kwa adabu zote, shikamoo zikaenda na marahaba zikarudi, pilau linanukia jikoni. Mshenga nikapewa kiti cha heshima, na kiti cha heshima nyumba za Kanada ni kile kilicho karibu na tundu la hewa ya moto sakafuni. Ile hewa ikaanza kupanda kwenye mguu wa suruali, ikazunguka ndani ya koti, ikatokea shingoni.

Dakika kama tano hivi, pilau likashindwa.

Shangazi wa binti ndiye aliyeanza. Alikunja pua, akamtazama wifi yake, wifi akatazama zulia. Halafu mtoto mmoja, wale ambao kila sherehe huwa nao, akapiga kelele kutoka ngazini kwamba kuna kicheche ndani ya nyumba.

Si kosa lake. Kicheche wa Ontario, yule mweusi mwenye mstari mweupe mgongoni, anaingia chini ya nyumba za watu kila vuli akitafuta pa kulala, na majimaji anayorusha yananuka kwa kemikali za salfa ambazo ni ndugu wa zile zinazoipa bangi ukali wake. Mtu anaweza kusikia harufu hiyo akaita polisi, kumbe ni mnyama. Au akaita mtu wa wanyama, kumbe ni jirani. Baba mdogo wa binti akavaa buti, akachukua tochi na ufagio, vijana wawili wakamfuata, nikasikia wakigonga mbao za baraza la nyuma: "Toka! Toka wewe!" Madirisha yakafunguliwa. Akina mama wakajifunika kanga mbili mbili.

Mimi nikachangia mazungumzo. "Vicheche wa siku hizi," nikasema, "wamezidi."

Aliyekuwa hasemi kitu ni Baba Mkubwa, msemaji wao. Mzee mwembamba, kofia ya mkono, mikono juu ya mkongojo, macho kwangu. Nikaona dawa ni kuharakisha shughuli. Nikasimama, nikasema maneno ya kuja kuomba mbegu njema, nikaingiza mkono mfuko wa ndani na kuitoa bahasha kwa mikono miwili.

Mgongoni mwa bahasha kulikuwa kumenata kitu. Kijani kilichofifia, kimejikunja kingo, na kijikonyo chake kinaning'inia. Ni vile vijani vidogo vya karibu na ua, vyenye utomvu, ambavyo ukipogoa vinaruka na kunasa popote. Kingine nilikuja kukikuta kwenye nyusi.

Baba Mkubwa hakuichukua bahasha. Alikichukua kijani. Akakisogeza kwenye mwanga, akakisaga kwa dole gumba, akanusa mara moja, fupi. Halafu akashika kijikonyo na kukikunja taratibu, sebule nzima kimya, nje tunasikia ufagio. Kikapinda. Hakikuvunjika.

"Mshenga."

"Naam, mzee wangu."

"Hii imekaushwa na nani?"

Nilitaka kusema sijui. Ulimi ukagoma.

"Maana aliyeikausha," akaendelea, "amekausha ngozi, nyama ameiacha mbichi. Ulitia moto?"

"Hita, mzee. Iliwaka yenyewe."

"Kila mtu banini anasema moto uliwaka wenyewe."

Kumbe mzee alikuwa mteuzi wa tumbaku. Maisha yake yote ya kazi alikuwa akisimama mbele ya mitumba ya tumbaku ya wakulima, anavuta jani, anapapasa, ananusa, anatamka daraja, na mkulima ama anaenda kununua bati ama anaenda kulia. Huko Songea na Namtumbo kwenye tumbaku ya moshi, na baadaye, nikasikia miguu ikinilegea, Urambo. Sina shaka marehemu baba alishawahi kumlaani.

Baba mdogo akarudi na tochi, akaripoti kwamba kicheche hayupo. "Yupo," akasema Baba Mkubwa. "Andikeni."

Kaka wa binti, katibu, akafungua daftari na kuandika kama alivyoamriwa: faini ya kuingia ukweni na kicheche, dola 50. Nikalipa. Yule mwenzangu mwenye mafua akauliza kwa nini tunalipa, hakuna aliyemjibu. Barua ikapokelewa, vigelegele vikapigwa, vikavu kidogo, na tukaambiwa majibu pamoja na orodha ya mahari yatakuja kwa wakati wake.

Nilipokuwa navaa viatu, mzee akanifuata hadi mlangoni. Nikajua sasa ndiyo napewa zangu za faragha.

"Kwenye chupa inasoma ngapi?"

"Sabini na moja."

Akafyonza. "Hiyo ni mboga. Ukifika itoe yote, itandaze kwenye karatasi usiku mzima, mbali na hilo bomba. Itakayonuka mkojo au kuonyesha ukungu usiionee huruma, tupa. Kisha irudishe. Na unipigie kila jioni." Akaona ninavyomtazama. "Mimi sivuti, na anayevuta simsifu. Lakini siwezi kulala najua kuna jani linaoza."

Nilifanya alivyosema. Chupa moja ilinipiga usoni kwa harufu ya amonia na maua yake yalikuwa na utando wa kijivu kwa ndani. Nikaifunga kwenye mfuko, ikaenda na taka. Zilizobaki nilizitandaza, nikazirudisha, na kila jioni baada ya chakula nikakaa kochini na simu. Mpwa nilikuwa sijamweleza chochote. Mambo ya ukweni hayasimuliwi kwa mwoaji, na mke wangu alikuwa ameapa kwamba habari ya ile suti haitasikika tena chini ya dari lake.

Kwa hiyo mpwa, akiwa jikoni anaosha vyombo, alichokuwa akisikia ni upande wangu tu.

"Shikamoo mzee... Leo sitini na tisa... Najua ni kubwa, mzee, nipe muda nishushe."

Kesho yake: "Sitini na saba. Hapana, nikishusha kwa pupa tutaharibu kila kitu."

Nilimwona anakonda. Akaacha kununua chakula cha mchana. Akaanza kuniamkia shikamoo mara mbili mbili, mara moja asubuhi na nyingine nikitoka bafuni. Nikadhani ni mapenzi.

Jioni moja kipimo kikasimama. Nikapiga simu nikipiga kelele: "Sitini na mbili, mzee! Sitini na mbili kamili!" Na yeye upande wa pili, kwa mara ya kwanza, nikamsikia anacheka: "Hapo hapo! Usiongeze, usipunguze. Funga!"

"Nimefunga, mzee. Asante sana."

Mpwa akatoka jikoni, mikono ina povu, akapiga magoti mbele yangu.

"Mjomba, Mungu akubariki. Kutoka sabini na moja si mchezo. Nimeshaongea na benki, wanatoa arobaini. Gari nauza. Hizo elfu chache zitakazobaki nimemwambia mwenzangu tutafute wote, na yeye kamwambia mama yake kwamba tumekubali."

Nilikuwa bado natafuta pa kuanzia pale simu ilipolia. Mama wa binti. Alikuwa na sauti ya mtu aliyefuta machozi sasa hivi.

"Baba, tumepata habari. Sisi kwenye orodha tulikuwa tumeandika elfu nane, na hata hiyo tulikuwa tunaona aibu. Lakini kama kijana mwenyewe ameridhika na elfu sitini na mbili, sisi ni nani tumkatishe tamaa?"

Nyuma yake nikamsikia Baba Mkubwa anafoka kutoka chumba kingine: "Mwulize vifuniko amekaza?"