Kisima cha pesa ya wiski

Kampuni za vileo zina mtindo wa kutoa chupa za toleo maalumu na kuahidi kwamba sehemu ya mauzo itakwenda kwenye miradi ya maji safi. Mnywaji wa Glasgow au New York ananunua chupa, na kijiji cha Singida au Kitui kinachimbiwa kisima. Kwa kuwa kisima kinachimbwa kwetu, tuna haki ya kuuliza mpango huu unatupa nini na unatudai nini.

Wanaoutetea wana hoja nzito. Diageo, kampuni ya Uingereza yenye wiski ya Johnnie Walker, walianzisha mpango wa Water of Life mwaka 2006, na wanasema umewafikishia maji watu zaidi ya milioni 10 barani Afrika. Tanzania umepitia Serengeti Breweries, iliyoingia kwenye kundi hilo mwaka 2010. Mwanamke aliyezoea kuamka saa kumi alfajiri kuwahi zamu kwenye shimo lililofukuliwa mtoni, akateka kwa kata mpaka dumu la lita 20 lijae, hana muda wa kumchunguza mfadhili. Na wengi wanaosema maji hayo yakataliwe wana bomba majumbani mwao.

Hata dini haifungi mlango moja kwa moja. Muislamu wa Pwani anajua kwamba sadaka hutolewa katika mali ya halali, lakini wapo wanazuoni wanaoruhusu pesa ya haramu ielekezwe kwenye manufaa ya umma, visima vikiwemo, bila mtoaji kutarajia thawabu.

Shida yangu ipo kwenye hesabu. Mwaka 2015 bia ya Stella Artois ya Ubelgiji iliungana na Water.org, shirika la mwigizaji Matt Damon na Gary White, ikauza bilauri maalumu. Kwa kila bilauri shirika lilipata dola 6.25, na mnunuzi akaambiwa kiasi hicho kitasaidia mtu mmoja kupata maji safi kwa miaka mitano. Haya, tupige hesabu ya kijijini. Ndoo ya lita 20 ikiwa shilingi 50 za Tanzania pale kwenye kilula, yaani bomba la umma la kuchotea maji, anayetumia ndoo moja tu kwa siku atalipa shilingi 18,250 kwa mwaka. Kwa ubadilishaji wa miaka ya karibuni hizo ni zaidi ya dola 6.25, na bado ni mwaka wa kwanza!

Hiyo miaka mitano inatoka wapi? Inatoka kwa watumiaji wenyewe. Sehemu kubwa ya kazi ya Water.org, pamoja na inayofanyika Kenya, Uganda na Tanzania, ni kuziwezesha taasisi za fedha kukopesha kaya pesa kidogo za kuvuta bomba au kununua tangi. Mama anarejesha mkopo na riba, kisha pesa inakopeshwa jirani yake. Ni utaratibu mzuri, pengine kuliko kisima cha bure, maana aliyelipia bomba atalitunza. Lakini sifa anapewa mnunuzi wa bilauri, wakati anayebeba gharama mwezi baada ya mwezi ni yule mama.

Kisima cha bure nacho kina yake. Watafiti wanakadiria kwamba karibu robo ya pampu za mkono kusini mwa Sahara hazifanyi kazi. Mara nyingi kilichoharibika ni kitu kidogo: mpira wa ndani umelika, mpini unapanda na kushuka lakini maji hayapandi, na kijiji hakina fundi wala akiba ya kununua kipuri. Arusha, Kilimanjaro na Manyara kuna jambo jingine, madini ya floraidi, ambayo maji yake yanaonekana meupe kabisa huku yakiyatia meno ya watoto rangi ya kahawia. Chupa ya toleo maalumu huuzwa msimu mmoja, ilhali kupima maji na kukarabati pampu ni kazi ya miaka.

Halafu kuna pombe yenyewe. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2019 maji yasiyo salama na ukosefu wa vyoo na usafi vilichangia vifo milioni 1.4. Mwaka huohuo pombe iliua watu milioni 2.6. Mchango unaopanda kadiri chupa zinavyouzwa unamfanya mnywaji aamini kwamba kuongeza glasi ni wema. Na kampuni hizohizo zinatafuta soko kwetu. Mke anayesubiri maji kisimani ndiye anayesubiri pia mshahara wa mumewe uliobaki baa.

Kwa hiyo mimi nasema maji tuyapokee, ila mchango usifungwe kwenye mauzo. Kampuni itaje kiasi mapema na ikilipe hata chupa zisiponunuliwa. Sehemu ya pesa itengwe kwa matengenezo ya angalau miaka kumi, isimamiwe na chombo cha watumia maji cha kijiji pamoja na RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini Tanzania, na matokeo ya kupima maji yabandikwe ofisi ya kijiji. Jina la kinywaji lisiandikwe kwenye kilula wanakochota watoto wa shule.