Waacheni wabishane majibu

Kuna amri moja inayotolewa kila msimu wa mitihani ambayo siikubali: mkishatoka chumba cha mtihani, marufuku kujadili majibu. Mwalimu wa zamu anasimama barazani na kuwatawanya wanafunzi. "Ya fizikia yamekwisha, kasomeni ya kesho." Nyumbani wazazi wanasema hayo hayo. Naandika kuwaomba walimu wenzangu wa fizikia hapa Tanga tuiache amri hii, kwa sababu katika muhula mzima sijaona wakati ambapo vijana wanaisaka fizikia kwa moyo kama ile nusu saa baada ya pepa.

Juzi vijana wa kidato cha sita ninaowafundisha tuisheni Ngamiani walikuja moja kwa moja kutoka kwenye jaribio, sare hawajavua, wakaegemeza baiskeli ukutani na ubishi ukiwa umeshapamba moto. Swali lilikuwa la sakiti. Betri ya volti 12 yenye ukinzani wa ndani wa omu 1 (yaani betri yenyewe nayo inauzuia mkondo kidogo) imeunganishwa na rezista mbili zilizopangwa sambamba, mkondo ukigawanyika kati yake, moja ya omu 6 na nyingine ya omu 3. Tafuta mkondo unaotoka kwenye betri. Binti mmoja alipata ampea 4. Kijana aliyekaa karibu naye alipata 6, na alikuwa na uhakika nayo. Wa tatu alipata 1.2, akanyamaza na kuanza kuikunja karatasi yake ya maswali.

Aliyepata 6 alikokotoa vizuri kwamba rezista mbili zile kwa pamoja ni omu 2, akagawa 12 kwa 2, akaisahau ile omu 1 ya ndani ya betri. Aliyepata 1.2 alijumlisha kila kitu, 6 na 3 na 1, kana kwamba vyote vimepangwa mfululizo. Ni makosa mawili yaliyo mbali kabisa, na kila moja lina dawa yake. Kwenye orodha ya alama ubaoni lakini, watoto hawa wawili watasomeka sawa: wamekosa swali la sita.

Binti hakusema "nimepata hivyo kwa kuwa kanuni inasema hivyo". Alichukua peni akamwambia mwenzake, "Haya, tufanye jibu lako ndilo sahihi. Ampea 6 zikipita kwenye omu 1 ya betri, volti 6 zimeliwa humo humo ndani. Zinabaki 6 za kugawia rezista. Omu 6 itapitisha ampea 1, omu 3 itapitisha ampea 2. Jumla 3. Sasa betri inatoa 6 halafu zinapita 3, nyingine ziko wapi?" Kijana aliitazama ile karatasi kwa muda. Kisha akajaribu mwenyewe kwa 4: volti 4 zinabaki ndani, 8 zinakwenda nje, 8 kwa 6, 8 kwa 3, ukijumlisha unapata 4 kamili. Yule wa 1.2 alikuwa amesogea bila kuitwa, na yeye ndiye aliyeomba warudie.

Walichofanya hapo ni kanuni ya Kirchhoff: mkondo unaoingia kwenye kiungo, yaani mahali nyaya zinapokutana, hauna budi kulingana na unaotoka. Darasani nilishaiandika ubaoni na wote waliinakili. Siku ile ndipo ilipowakaa, kwa sababu kila mmoja alikuwa na jibu lake la kutetea. Na Gustav Kirchhoff mwenyewe, alipoiandika kanuni hiyo mwaka 1845, alikuwa bado mwanafunzi wa chuo kikuu, na umri wake miaka 21.

Swali la chembe lilizua ubishi mkali zaidi. Elektroni na protoni, zote zimeanza zikiwa zimetulia, zimesukumwa na volti zile zile: ipi imepata nishati mwendo kubwa zaidi? Wengine walisema protoni, maana ni nzito, uzito wake ni kama mara 1,836 wa elektroni. Wengine wakasema elektroni, kwa kuwa ndiyo inayokimbia. Kila upande ulikuwa na hoja ya kueleweka, na hilo ndilo linalolifanya swali liwe zuri. Jibu ni kwamba nishati zao ziko sawa. Nishati inatokana na chaji na volti, na chaji zao zina ukubwa mmoja. Volti zikiwa 100, kila moja imepata elektronivolti 100, kipimo cha nishati ya chembe. Kinachotofautiana ni mwendo: elektroni inakwenda kasi kiasi cha mara 43 ya protoni. Niliwaacha wabishane mpaka mmoja wao akauliza, "Kwani uzito unaingia wapi kwenye chaji mara volti?" Pakawa kimya, kisha wote wakaanza kusema kwa pamoja.

Najua hoja ya wanaokataza, na wanaisema kwa nia njema. Mtoto akigundua leo kwamba amekosa, kesho ataingia kwenye kemia akiwa amevunjika moyo. Kweli wapo wa namna hiyo, na mtu mzima aliye karibu anapaswa kuwaangalia. Lakini mtoto uliyemtawanya barazani haachi kujiuliza. Anakwenda kujiuliza kitandani, peke yake, usiku, hana wa kumwonyesha kwamba hesabu zake zilikuwa sawa mpaka mstari wa tatu.

Tena fikiria ni lini atajua kosa lake. Mtihani wa taifa haumrudishii mtahiniwa karatasi. Anapata daraja, basi. Baraza la Mitihani hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo, na nawasihi walimu wazisome, ni hazina. Ila zinatoka mtoto ameshamaliza shule. Pale nje, pepa ikiisha, ndipo mahali pekee atakapokutana na kosa lake likiwa bado la moto. Na atakutana nalo kwa Kiswahili, baada ya saa nzima za kuhangaika na Kiingereza cha maswali. Nimeona watoto wasiofungua mdomo darasani wakieleza ukinzani wa ndani vizuri kuliko kitabu, mradi wanamweleza mwenzao.

Sisi wa mkoa huu tuna sababu ya ziada ya kuliamini jambo hili. Mwaka 1963, Erasto Mpemba akiwa kidato cha tatu Magamba, huko Lushoto, aliweka mchanganyiko wake wa aiskrimu kwenye friji ukiwa bado wa moto kwa kuhofia kukosa nafasi. Ukaganda kabla ya ule wa mwenzake ambao haukuchemshwa. Aliuliza akaambiwa amechanganyikiwa. Baadaye rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu hapa Tanga mjini alimwambia kwamba wao huweka ya moto makusudi ili igande upesi. Akiwa Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, akajibiwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba. Hakuacha. Alimuuliza Dakta Denis Osborne, mwanafizikia wa chuo kikuu aliyekuja kutoka Dar es Salaam, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Wanafizikia wanabishania jambo hilo mpaka leo. Lakini lisingefika popote kama asingelinganisha alichopata yeye na walichopata wenzake, na kukataa kunyamazishwa.

Kwa hiyo ombi langu ni hili. Pepa ijayo ya fizikia ikiisha, mwalimu usiende ofisini. Kaa nao, na usiseme jibu haraka. Maabara ikiwa wazi, chukua betri kavu mbili, balbu mbili za tochi, swichi na voltimita, uunge sakiti inayofanana na ya swali. Waambie wasome volti za betri kabla ya kuwasha, kisha wawashe wasome tena. Sindano itashuka kidogo. Aliyepata ampea 6 atataka kujua hizo volti zilizopungua zimekwenda wapi, naye mwenye 4 umwachie chaki.