Protini nne kabla ya jeni kumi na mbili

Mwezi uliopita, katika kundi la WhatsApp la ukoo wetu, kilitumwa kipeperushi cha maabara moja ya ng'ambo na, chini yake, orodha ya michango. Baba mdogo alikuwa ametolewa uvimbe wa utumbo mpana; tezi 14 za limfu zilizokatwa pamoja na utumbo zilikaguliwa na zote zikakutwa safi, kwa hiyo ugonjwa ukahesabiwa kuwa katika hatua ya pili. Lililobaki ni kuamua kama apewe kemo, yaani dawa kali za kuua seli za saratani zilizobaki, au aachwe. Kipeperushi kiliahidi kusaidia kuamua kwa kusoma jeni 12 ndani ya kipande cha uvimbe, na baba mkubwa, ambaye wema wake siku zote una haraka, alikwishapendekeza kiwanja cha Mkuranga kiuzwe. "Sayansi haina bei," aliandika. Nami nikaandika: "Shikamoo baba mkubwa. Majibu ya zile protini nne yametoka?" Hakuna aliyejua ninazungumzia nini, na kilichoniudhi ni kwamba faili la mgonjwa nalo halikujua.

Mimi si daktari. Nimekaa miaka tisa katika maabara ya patholojia nikikata nta iliyogandishia nyama za watu, na najua kwamba kile kipande cha baba mdogo kilikuwa kabatini, kikisubiri mtu mmoja tu aandike kwenye fomu majina manne: MLH1, MSH2, MSH6 na PMS2. Protini hizi husahihisha makosa yanayotokea seli inaponakili vinasaba vyake. Kuzichunguza ni kazi ya kukata vipande vyembamba, kuvipaka rangi na kuvitazama kwa darubini ya kawaida. Katika saratani za utumbo mpana kwa jumla, takriban 15 katika kila 100 huwa zimepoteza usahihishaji huo, na mgonjwa wa hatua ya pili mwenye uvimbe wa namna hiyo ana bahati ya ajabu katikati ya balaa: ugonjwa wake una uwezekano mdogo wa kurudi, na fluorourasili, dawa ya kemo ya siku nyingi, ikitolewa peke yake haijaonekana kumwongezea faida. Yaani jibu la rangi ile linaweza kumwepusha mtu na miezi sita ya kutapika na kukaa foleni.

Sasa tukitazame kile kipimo cha jeni 12, ambacho nusura kitugharimu kiwanja. Saba kati yake ni jeni za saratani, tano ni za kulinganishia, na hesabu yake hutoa alama ya hatari ya ugonjwa kurudi, kati ya 0 na 100. Kilipohakikiwa kwa vipande vya wagonjwa wa hatua ya pili wa utafiti wa Uingereza uitwao QUASAR, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kwamba katika miaka mitatu ugonjwa ulirudi kwa asilimia 12 ya waliopangwa kundi la chini, 18 kundi la kati na 22 kundi la juu. Siyo uongo, na sidai kwamba ni utapeli. Lakini utafiti uleule haukuonyesha kwamba alama hiyo inaweza kutabiri nani atafaidika na kemo na nani hatafaidika, na hilo ndilo tulilotaka kulijua. Kipimo cha kuongoza matibabu ni kile ambacho majibu yake mawili hukupeleka njia mbili. Ukiambiwa 12 au ukiambiwa 22 na bado mnabaki mezani mkitazamana, mmeuza kiwanja ili mwongezewe wasiwasi wenye nukta ya desimali.

Nakubali, shingo upande, kwamba vipo vipimo vya gharama vyenye haki ya kudaiwa. Mgonjwa wa hatua ya nne, ambaye saratani imeshasambaa mwilini, akiambiwa atafute dawa iitwayo setuksimabu lazima apimwe jeni za RAS kwanza, kwa sababu takriban wagonjwa 40 katika kila 100 wana badiliko la KRAS, mojawapo ya jeni hizo, linaloifanya dawa hiyo isifae kitu. Hapo kipimo ndicho kinachookoa kiwanja. Kile cha damu kinachotafuta mabaki ya vinasaba vya uvimbe baada ya upasuaji kimenivutia pia: mwaka 2022 utafiti wa Australia wa wagonjwa 455 wa hatua ya pili ulionyesha kwamba waliopewa kemo walipungua kutoka asilimia 28 hadi 15, na ugonjwa haukurudi zaidi kwa sababu hiyo. Kikifika huku kwa bei ya binadamu nitakuwa wa kwanza kukisifu.

Na kama kemo ni lazima, kipo kingine ambacho hakiandikwi kwenye kipeperushi chochote. Fluorourasili na ndugu yake kapesitabini huvunjwa mwilini na kimeng'enya kiitwacho DPD; mwenye upungufu wake anaweza kuuawa na dozi ambayo jirani yake aliimaliza salama. Ulaya walipendekeza tangu 2020 watu wapimwe kabla ya kuanza. Vizuri sana. Ila orodha ya mabadiliko manne ya DPYD, jeni ya kimeng'enya hicho, inayotumika huko imetokana zaidi na miili ya Wazungu, na badiliko la c.557A>G, ambalo hupatikana hasa kwa watu wenye asili ya Afrika, halimo katika hayo manne. Mwafrika anaweza kukabidhiwa cheti cha usalama kilichokatwa kwa kipimo cha mtu mwingine, kama suti ya mtumba, na bado akashukuru.

Narudi kwenye zile protini, kwa sababu kuna jambo lake ambalo linanikosesha usingizi. Zikikosekana MSH2 na MSH6, mara nyingi kasoro hiyo amezaliwa nayo mgonjwa, na huitwa ugonjwa wa Lynch. Kila mtoto wake na kila ndugu yake wa tumbo moja ana nusu ya uwezekano wa kuwa nayo. Mwaka 1895 huko Michigan, fundi cherehani mmoja alimwambia daktari Aldred Warthin kwamba atakufa kijana kwa saratani kama jamaa zake, na akafa hivyo kweli, kwa saratani ya kizazi. Warthin aliusikiliza ukoo ule na kuuchapisha mwaka 1913. Ukoo wetu haukuwa na wa kuusikiliza. Bibi alikufa kwa saratani ya kizazi akiwa na miaka 46, dada yake akafa kwa tumbo, na kwa miaka thelathini maelezo yaliyotosha yalikuwa mgogoro wa mipaka ya shamba na jirani ambaye hadi leo hatusalimiani naye.

Fomu iliandikwa hatimaye, baada ya mimi kwenda mwenyewe na kuwa kero. Majibu yalitoka baada ya siku tisa: MSH2 haipo, MSH6 haipo. Damu bado haijapimwa, kwa hiyo jina la Lynch halijaandikwa popote, lakini daktari ameifuta kemo na ametaka ndugu wote wa tumbo moja wafanyiwe kolonoskopi, yaani kutazamwa utumbo mpana kwa kamera, bila kusubiri. Nilipeleka habari hizo kundini. Baba mdogo alituma sauti ya kumshukuru Mungu. Kiwanja cha Mkuranga kipo palepale. Baba mkubwa, ambaye ni wa tumbo moja na baba mdogo na ametimiza miaka 63, alikaa kimya siku mbili, kisha akaniandikia pembeni, si kundini, akiuliza kama hiyo kolonoskopi haina ya bei nafuu zaidi.