Miaka 46 ya Ernie Chambers: alichokiweza na kilichomshinda

Novemba 2000, wapigakura wa Nebraska, jimbo la wakulima na wafugaji katikati ya Marekani, walipitisha kifungu cha katiba kinachomkataza mbunge wa jimbo kukaa zaidi ya mihula miwili mfululizo ya miaka minne minne. Kimaandishi kifungu kiliwagusa wabunge wote 49. Lakini wengi walikisoma kama kifungu cha mtu mmoja: Ernie Chambers, seneta (ndivyo wabunge wa jimbo hilo wanavyoitwa) wa wilaya ya 11, Omaha Kaskazini, aliyekuwa bungeni tangu Januari 1971. Waliomchoka walikuwa wameshindwa kumwondoa kupitia kura za watu wake, basi jimbo zima likaombwa limwondoe.

Hoja ya ukomo wa mihula tunaijua, na si ya kubezwa. Mtu akikaa sana kwenye kiti hukiona chake, na vijana hukosa nafasi. Ila hoja hiyo hujengwa mara nyingi juu ya mfano wa mkubwa anayegawa fedha na vyeo. Chambers hakuwa na fedha wala vyeo vya kugawa. Ndiyo maana historia yake inafaa kuipima hoja yenyewe, kwa uzuri wake na kwa ubaya wake.

Alizaliwa Omaha mwaka 1937, akasoma Chuo Kikuu cha Creighton mjini humo, akaajiriwa posta na kufukuzwa kwa kile wakubwa walichokiita utovu wa nidhamu, kisha akawa kinyozi. Kinyozini Omaha Kaskazini ndiko alikojulikana miaka ya 1960, vurugu zilipolipuka katika mtaa huo wa Weusi mara kadhaa, mojawapo Juni 1969, polisi walipompiga risasi na kumuua Vivian Strong, binti wa miaka 14. Mwaka uliofuata akachaguliwa. Shahada ya sheria aliipata Creighton mwaka 1979 akiwa tayari mbunge, ila hakuwahi kufanya kazi ya uwakili, kwa sababu alikataa kujiunga na chama cha wanasheria cha jimbo, ambacho uanachama wake wakati huo ulikuwa wa lazima. Sheria yake aliitumia ukumbini, na mahakamani kama mdai. Kesi yake ya kupinga kasisi anayelipwa na serikali kufungua vikao kwa sala ilifika hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, ambako alishindwa kwa majaji 6 dhidi ya 3 mwaka 1983. Mwaka 2007 alimshtaki Mungu, na dunia nzima ikacheka. Alichotaka kukionyesha ni kwamba mlango wa mahakama haupaswi kufungwa kwa mtu yeyote mwenye dai, hata kama dai lake linaonekana la ajabu kiasi gani.

Ili kuelewa nguvu yake ilitoka wapi, lazima ulijue Bunge lenyewe. Nebraska ndilo jimbo pekee la Marekani lenye chumba kimoja cha Bunge, tangu 1937, na wabunge hugombea bila tiketi ya chama. Vikao ni vya siku 90 mwaka mmoja na siku 60 mwaka unaofuata, basi. Kwa hiyo mali ya thamani kuliko zote ukumbini ni muda. Chambers aliula muda huo kwa hoja za marekebisho: kwa mfano, kifungu cha pili, futa neno moja. Akazungumza dakika tano, akangoja zamu, akazungumza tena. Ikipigiwa kura na kushindwa, aliomba uamuzi ufikiriwe upya, na mjadala ukaanza kama jana. Kufunga mjadala kulihitaji kura 33, na kuzipata haikuwa rahisi. Mwenye muswada aliziona siku zinakwisha, akainuka kitini, akamfuata kumuuliza anataka nini kiondolewe. Yote hayo yalifanywa na mtu aliyevaa fulana na jinzi katikati ya wenye suti, naye alikijua kitabu cha kanuni kuliko wengi wao.

Matunda yake hayawezi kufichwa. Kabla ya sheria ya 1979, madiwani wa Omaha walichaguliwa na jiji zima, na kura za Omaha Kaskazini zilimezwa. Baada ya kuanza uchaguzi wa kata kwa kata, jiji likapata diwani wake wa kwanza Mweusi mwaka 1981. Viboko katika shule za umma vilipigwa marufuku mwaka 1988. Lipo pia jambo ambalo msomaji wa Afrika anapaswa kulijua: mwaka 1980, wakati vijana wa ANC wakisoma Mazimbu, Morogoro, Bunge hili la jimbo la wafugaji lilipitisha azimio la Chambers la kutaka fedha za umma ziondolewe kwenye makampuni yanayofanya biashara na Afrika Kusini ya makaburu. Nebraska ikawa jimbo la kwanza la Marekani kuchukua hatua hiyo, na mwaka 1984 ikaitungia sheria. Bunge la taifa kule Washington lilipitisha vikwazo vyake mwaka 1986.

Waliompinga nao wana ya kusema. La kwanza ni lugha. Chambers aliwatukana wenzake hadharani, na mwaka 2015 alisema kwenye kikao cha kamati kwamba kwa watu wake polisi ndio magaidi wa kuogopwa, na kwamba angekuwa na bunduki ingekuwa kwa ajili ya polisi. Wapo waliotaka ajiuzulu. Uchungu wa mtaa uliomzika Vivian Strong ninauelewa, lakini kauli ile iliwapa wapinzani wake silaha ya bure.

La pili ni zito zaidi, nalo ni la mwaka 2006. Shule za umma za Omaha zilikuwa kwenye ugomvi wa mipaka na wilaya za pembezoni, na Chambers akapenyeza marekebisho ya kuigawa wilaya ya shule ya jiji mara tatu. Kwa jinsi watu walivyoishi, mgawanyo ule ungetoa wilaya moja yenye Weusi wengi, nyingine Wazungu wengi, na ya tatu yenye watu wengi wa asili ya Amerika ya Kusini. Gavana Dave Heineman alitia saini, na NAACP, chama kikongwe cha kutetea haki za Weusi, kikaenda mahakamani. Hoja ya Chambers ilikuwa kwamba shule tayari zimetengana, mabasi ya kuwapeleka watoto Weusi na Wazungu wasome pamoja yalishasimamishwa mwaka 1999, basi walau wazazi Weusi wazisimamie shule za watoto wao wenyewe. Nakubali kwamba aliisema hali kama ilivyokuwa. Dawa yake siikubali, kwa sababu mamlaka bila fedha za kutosha ni jina tu, na kuandika utengano ndani ya sheria ni kumrahisishia kazi atakayekuja kesho na nia mbaya. Mwaka 2007 sheria ile ilibadilishwa kabla haijaanza kutumika. Hapa urefu wa utumishi ulionekana kwa sura yake mbaya: mtu mmoja, aliyezoea kusema kwa niaba ya mtaa mzima, aliamua jambo ambalo mtaa wenyewe ulikuwa haujakubaliana.

Halafu kuna adhabu ya kifo, ambayo kwangu ndiyo kiini cha habari yake. Tangu miaka ya 1970 alileta muswada wa kuifuta karibu kila mwaka. Mwaka 1979 ulipita, Gavana Charles Thone akaupigia veto, yaani akakataa kuutia saini. Akaendelea kuleta. Mei 2015 ulipita tena, safari hii kwa msaada wa wahafidhina kama Colby Coash, walioiona adhabu hiyo kuwa ni gharama isiyozaa kitu na kinyume cha imani yao juu ya uhai. Gavana Pete Ricketts akaupigia veto. Kuivunja kulihitaji kura 30, na Mei 27 zikapatikana 30 kamili, dhidi ya 19. Mtu aliyeanza hoja akiwa kijana wa Omaha Kaskazini aliishinda akiwa na miaka 77, na kwa kura za Warepublican, chama cha wahafidhina hao. Nani angeweza kufanya hivyo kwa miaka minane?

Furaha haikudumu. Wanaoitaka adhabu hiyo, wakisaidiwa na fedha za Ricketts na baba yake, walikusanya saini zaidi ya 160,000. Sheria ikasimama kusubiri kura ya wananchi. Novemba 2016, takriban asilimia 61 wakairudisha adhabu ya kifo, na Agosti 14, 2018 mfungwa Carey Dean Moore akauawa kwa sindano ya sumu, mara ya kwanza Nebraska kutekeleza hukumu hiyo tangu 1997.

Wapo wanaoliona tukio hilo kama ushahidi kwamba Chambers alikuwa nje ya watu. Mimi naona jingine. Kwa miongo minne alijifunza kulishinda Bunge, na alilishinda. Wale 30 walikaa naye ukumbi mmoja, wakamsikia, wakabishana naye, baadhi wakabadilika. Mpigakura wa magharibi ya jimbo, mwendo wa saa nyingi kutoka Omaha, hakuwahi kukaa naye. Kanuni za Bunge hazina kazi huko, na mwanasiasa anayefanya kazi peke yake hana matawi ya kumsemea. Huo ndio mpaka wa njia yake, na ukomo wa mihula hauutibu hata kidogo.

Ukomo ulimtoa Januari 2009. Katiba inaruhusu kurudi baada ya kupumzika muhula mmoja, naye akarudi kwa kura za uchaguzi wa 2012. Siku hiyo hiyo wapigakura wa jimbo zima walikataa pendekezo la kuongeza mihula iwe mitatu, wakakataa pia kuupandisha mshahara wa mbunge kutoka dola 12,000 kwa mwaka. Akatoka tena Januari 2021, akiwa na miaka 83.

Ningekuwa na kura Nebraska, ukomo wa gavana ningeuacha na wa wabunge ningeufuta. Gavana ana bajeti, ana polisi, ana kalamu ya veto. Mbunge wa wilaya ya Weusi katika jimbo la Wazungu ana kura moja kati ya 49, na njia pekee ya kuifanya kura hiyo isikike ni kukaa mpaka aijue nyumba kuliko wenye nyumba. Kosa la 2006 lilikuwa kubwa, lakini waliostahili kumhukumu kwa kosa hilo ni watu wa Omaha Kaskazini, ambao mwaka 2012 walipewa nafasi ya kufanya hivyo, nao wakamrudisha.