Ngonjera za bendera na heshima ya kulazimishwa

Saa kumi na mbili jioni, jirani na kituo cha polisi, filimbi ikilia kila mtu husimama. Bodaboda anazima pikipiki, mama aliyejitwika beseni la ndizi anatulia palepale alipo, watoto wanaacha kukimbizana mpaka bendera iteremshwe. Desturi hii ya Tanzania naipenda na nitaitetea. Haimdai mtu aseme neno lolote; inamtaka asimame tu pamoja na wenzake.

Mashairi ya bendera, yale wanayokariri watoto wa shule, yana deni kubwa zaidi, kwa sababu yenyewe yanasema. Wanaoyatetea wana hoja nzito. Usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alipopandisha bendera na Mwenge kileleni Kilimanjaro, Tanganyika ilikuwa na makabila zaidi ya 120 na watu wengi wasiojua kusoma. Taifa lilihitaji kuelezwa kwa sauti. Ndipo mshairi Mathias Mnyampala alipoukuza utanzu wa ngonjera, yaani ushairi wa majibizano: mmoja anauliza au anabisha, mwenzake anamjibu, mwisho wanaafikiana. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967, siasa ya nchi ilifika vijijini kwa mtindo huo, midomoni mwa watoto wa shule. Anayeziita ngonjera hizo propaganda tupu anasahau kwamba kwa wazee wengi ndiyo njia waliyopata ya kuijua nchi yao.

Tatizo ni kwamba utanzu uliozaliwa katika ubishi umegeuka imla. Siku ya sherehe watoto wanapanga mstari mbele ya mgeni rasmi na kukariri rangi: kijani ni mimea, nyeusi ni sisi wananchi, njano ni madini, buluu ni bahari, maziwa na mito. Mwalimu ndiye aliyetunga, na mwaka ujao beti ni zilezile. Ni kweli buluu ni maji, lakini iliingia kwenye bendera yetu kutoka bendera ya Zanzibar, nchi mbili zilipoungana mwaka 1964. Nyuma ya rangi ile kuna mapatano ya watu wawili wazima, Nyerere na Karume, na hoja za Muungano ambazo mpaka leo zinajadiliwa. Kwangu hiyo ni habari tamu kuliko orodha ya mito, na ni mara chache kuikuta kwenye ngonjera ya shule.

Wanaopinga watoto kulazimishwa nao wana hoja nzito kuliko uchovu wa beti. Mkoani Mbeya, wanafunzi zaidi ya mia moja, Mashahidi wa Yehova, waliadhibiwa kwa kukataa kuimba wimbo wa taifa. Wapo waliosimamishwa masomo na wapo waliofukuzwa. Walishindwa Mahakama Kuu, lakini mwaka 2013 Mahakama ya Rufani ikawapa haki. Naelewa hofu ya walimu: ukimruhusu mmoja leo, kesho nusu ya walio mstarini watanyamaza, na tumeona majirani zetu walivyoumizwa na mgawanyiko. Hata hivyo, mtoto anayesimama kimya kwa adabu hajaigawa nchi. Kumnyima darasa kwa sababu ya dhamiri yake ndiko kunakomfundisha kwamba bendera ile si yake.

Kwa hiyo siungi mkono wanaotaka ngonjera zifutwe, wala wanaotaka kila mdomo ufunguke kwa amri. Nataka watoto watunge wenyewe, na wapewe ruhusa ya kuuliza, kama mhusika wa ngonjera alivyoruhusiwa tangu mwanzo. Mtoto wa kando ya Ziwa Victoria akipewa rangi ya buluu anaweza kuandika hivi:

Buluu ni ziwa letu, samaki wamepungua,
Nyavu ndogo za wenzetu, wachanga zawachukua.

Huo ni uzalendo uliokomaa: anaipenda rangi kiasi cha kuulizia kilichomo ndani yake. Mwalimu asiufute ubeti kama huo kwa kumhofia mgeni rasmi. Afisa uvuvi wa wilaya naye hualikwa kwenye sherehe hizo. Apewe kipaza sauti amjibu mtoto, kwa vina akiweza.